Mbuzi Waliokula Sheria ya Mikataba

Kitu cha kwanza nilichofanya kazini ni kuwalisha mbuzi wa mama sheria ya mikataba. Si ukurasa mmoja wala miwili. Yote, kuanzia pale ahadi inapotolewa hadi pale inapovunjwa, pamoja na maelezo ya pembeni ambayo dada yangu Akiru alikuwa ameyaandika kwa kalamu nyekundu. Nakiri mapema ili mnaonisoma msije mkadhani nilizaliwa na ujuzi.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na goti langu la kushoto hulia nikikaa chini muda mrefu, kama la mstaafu mwingine yeyote. Kazi niliyoiacha ilikuwa ya msaidizi wa mwanafunzi wa sheria. Haina sare, haina ofisi, na hakuna anayekupigia makofi ukiondoka. Naandika kwa ajili ya Ewoi, mtoto wa mama mdogo, ambaye kaka yake ameitwa chuo kikuu kusoma sheria, naye Ewoi tayari anatembea na kamusi kwapani kama mtu aliyebeba mkate. Naandika pia kwa mtoto yeyote wa Lodwar au Kakuma atakayeambiwa siku moja, "Wewe kijana, kaa hapa unisikilize." Kuhusu mshahara na kupandishwa cheo sina la kusema. Mshahara ulikuwa chai, na cheo changu siku ya mwisho kilikuwa kile kile cha siku ya kwanza: wewe kijana.

Niliajiriwa hivi. Chuo kikuu Nairobi kilifungwa kwa sababu ya mawe. Wanafunzi waligoma, mawe yakaruka, askari wakaja, wote wakaambiwa waende kwao mpaka watakapoitwa tena. Akiru alikuwa mwaka wa kwanza. Alishuka Lodwar kutoka basi la Kitale akiwa amejaa vumbi mpaka kope, akanikuta mimi nimefunga shule, tukapanda lori pamoja kwenda nyumbani Kakuma. Siku hizo lori haliondoki mpaka magari yakusanyike na askari wa kusindikiza wapatikane, kwa hiyo tulikaa juu ya magunia ya unga tukingoja, yeye amekumbatia mfuko wa karatasi kifuani.

"Ulirusha mawe?" nikamuuliza.

"Nilikuwa maktaba."

"Basi ulirusha vitabu."

Hakucheka. Dada yangu hucheka hata nikisema upuuzi mdogo kuliko huo, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Lori lilipoondoka, kelele ya injini ikatosha kuficha maneno, akaniambia. Alikuwa ameanguka masomo mawili, mikataba na madhara. Madhara ni ile sheria ya mtu kukuumiza kwa uzembe wake. Chuo kikifunguliwa angerudia mitihani yote miwili, na akianguka hata mmoja, jina lake lingefutwa. Hakuna kurudia mwaka, hakuna barua ya kuomba radhi. Kwaheri.

Sasa mjue kwamba mama yetu huuza samaki wakavu. Huwafuata Kalokol, kule ziwani, huwapitisha Lodwar, na kuwauza Kakuma, mjini na kambini kwa wakimbizi. Kwa hiyo mama anajulikana na Waturkana, Wasudani, Wasomali na kila mtu mwenye pua. Na kila aliyenunua samaki wetu mwaka ule alipewa habari juu yake bila kuomba: binti yangu anasomea ujaji. Mama hakuambiwa na mtu kwamba kati ya mwaka wa kwanza na ujaji kuna ngazi kidogo.

Akiru alimweleza jioni ile ile tulipofika. Mama alikuwa anapanga samaki, hakusimama.

"Masomo ngapi umeanguka?"

"Mawili, mama."

"Kati ya ngapi?"

"Saba."

"Basi tano umesimama." Akageuza samaki. "Hii kijana itakusaidia. Haina kazi."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Kesho yake mama akaenda Lodwar kwa biashara, nasi tukaanza. Kazi yenyewe ilikuwa kushika karatasi na kuuliza. Akiru alikuwa amezinakili kwa mkono, kesi baada ya kesi, kwa sababu maktaba ya chuo ilikuwa na nakala chache na wanafunzi wenye ujanja huficha kitabu kwenye rafu ya kilimo ili wakisome peke yao. Ewoi, mwambie kaka yako akikosa kitabu cha sheria aende akakitafute kwenye mbolea.

Tatizo nililiona asubuhi hiyo hiyo. Akiru alijua kila kesi akiwa anaitazama. Nikifunika karatasi, inapotea. Majina ya Waingereza wote yalikuwa mtu mmoja kwake: bwana fulani dhidi ya bwana fulani, wote wana kofia. Alikuwa anasoma ukurasa ule ule kwa sauti, tena na tena, huku macho yanatembea na akili imebaki Nairobi.

Alipokwenda kisimani kuchota maji, mimi nikafikiri. Huo ndio wakati hatari.

Nilifikiri hivi: nyumbani kwetu mbuzi hahesabiwi. Mama husimama mlangoni mwa boma wakirudi, wanapita wote kwa fujo, halafu anasema, "Yule wa sikio limechanika, iko wapi?" Akiru naye ni hivyo hivyo. Hata baada ya mwaka mzima Nairobi, alipofika tu aliuliza kwa nini yule mweusi mwenye paji jeupe anachechemea. Mtu wa kwetu anaweza kusahau jina la mwalimu mkuu lakini hawezi kusahau mbuzi. Basi kila kesi ikiwa mbuzi, nani atasahau?

Nikachukua kamba za katani, nikatoboa karatasi, nikamfunga kila mbuzi kesi yake shingoni. Nilichagua kwa makini. Mweusi mwenye paji jeupe nikampa moja ya madhara iliyokuwa imechanganyika humo, ile ya konokono aliyekutwa ndani ya chupa ya kinywaji. Yule mkorofi wa pembe moja nikampa ya kisu kilichowekwa dirishani mwa duka na bei yake. Na wa kahawia, mnono, nikampa ya mjomba wa Uingereza aliyemwandikia mpwa wake kwamba nisiposikia neno lako, yule farasi ni wangu. Nilimpa hiyo kwa sababu mjomba wetu Lokwang hakuwahi kuja kwetu bila kumtazama yule mbuzi kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu ila mdomo wa jirani. Mbuzi hawezi kufikia shingo yake. Shingo ya mwenzake anaifikia.

Akiru alirudi na jerikeni kichwani. Alimwona wa pembe moja akitafuna taratibu, kipande cha karatasi chenye wino mwekundu kikiwa kimebaki kwenye mdomo. Akatua jerikeni.

"Erot. Hiyo ni nini?"

"Ni mfumo," nikasema.

"Karatasi zangu ziko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole, mbuzi mmoja mmoja.

Ningependa kusema alinipiga. Alikaa chini kwenye mchanga akalia bila sauti, mikono magotini, na mimi nikasimama pale nikitamani kuwa mbuzi. Nikitishika sana mdomo wangu hufunguka wenyewe, kwa hiyo nikaanza kubwabwaja.

"Lakini Akiru, nakumbuka nani alikuwa na nini. Yule mweusi alikuwa na konokono."

Akainua kichwa kidogo.

"Konokono alifanya nini? Sijui mimi, niliifunga tu."

"Hakufanya kitu," akasema huku anafuta pua. "Alikuwa ndani ya chupa. Mama mmoja alinunuliwa kinywaji na rafiki yake, akanywa, akaona konokono ameoza, akaugua. Hakuwa na mkataba na mwenye kiwanda. Mahakama ikasema mwenye kiwanda ana wajibu kwa yeyote atakayekunywa."

"Na wa pembe moja?"

Akamtazama yule mkorofi kwa chuki. "Kisu dirishani. Kuweka kitu dirishani si kutoa pendekezo. Ni kukuita uje ufanye pendekezo wewe."

Tukaendelea hivyo boma zima. Mbuzi waliotafuna walikuwa wanatutazama kama wanafunzi wa mstari wa nyuma. Nyingi alizisema. Zilizomshinda, tuligundua, hakuwahi kuzijua tangu zamani, alikuwa amezinakili tu. Tukaandika upya zote kwenye mifuko ya simenti iliyopasuliwa, na zile zilizokosekana Akiru akazijaza baadaye kutoka kitabu alichoazimwa. Hilo ndilo somo la kwanza nakuachia, Ewoi, na limenigharimu heshima: karatasi ikiwa wazi kila mtu ni wakili. Ifunge, halafu sema.

Tangu siku hiyo asubuhi zetu zikawa na utaratibu. Tulifuata mbuzi kwenye mchanga wa Tarach, mto ambao una maji siku moja na hadithi za maji mwaka mzima. Mimi napiga kelele, "Yule wa madoa!" Akiru naye anajibu kwa kelele, "Ahadi bila malipo haifungi!" Wachungaji wengine walisimama kuangalia. Habari zikafika sokoni kwamba vitabu vimempanda kichwani binti wa mama samaki. Akiru hakujali. Mtu anayeogopa kufutwa chuo hana nafasi ya kuogopa wachunga punda.

Vifaa vyetu nitavitaja kwa sababu vijana wa leo hupenda kuomba vifaa. Mlango wa mabati ulikuwa ubao, na mkaa ulikuwa chaki. Saa ilikuwa redio ya jirani: ikianza taarifa ya habari Akiru anaanza kuandika jibu, na matangazo ya vifo yakiisha anaweka kalamu chini. Mwanzoni marehemu wote walisomwa huku yeye bado yuko kwenye utangulizi. Kuna siku hakufa mtu wa kutosha, akalalamika kwamba nimemwibia muda.

Mama aliporudi aliiona mifuko ya simenti, akaniangalia, akaiangalia mifuko, akaamua kutouliza. Badala yake akawa mwanafunzi wetu, maana Akiru alikuwa na neno moja alilolichukua kwa mhadhiri wake: usipoweza kumweleza mtu asiyesoma sheria, huijui. Kwa hiyo wakati mama anatoa magamba, Akiru anaeleza.

"Mama, kuna kisu dirishani dukani, kina bei. Umeingia na pesa. Mwenye duka amekataa kuuza. Anaweza?"

"Bei iko?"

"Iko."

"Basi kwa nini aninyime? Mimi nagombana."

"Majaji walisema anaweza."

"Hiyo jaji hajawahi kuuza kitu." Mama akatoa magamba kwa hasira. Halafu mkono ukasimama. "Ngoja. Ile siku ya yule askari alikuja kwa meza yangu, akataka samaki yote, na mimi sikutaka uso yake."

"Ulimuuzia?"

"Nilimwambia samaki iko hapa inapigwa upepo." Akafikiri. "Basi hiyo jaji iko sawa."

Kesi ya konokono nayo ilimchukua muda. Alitaka kujua kwa nini yule mama alikunywa kabla ya kumimina, na alipoambiwa kwamba rafiki ndiye alinunua, akasema, "Ndiyo sababu. Kitu ya bure hauangalii." Lakini nilimwona kesho yake mezani anageuza samaki mmoja mmoja na kutupa waliooza kwa ndani. Nadhani ni muuzaji pekee wa Turkana aliyebadilishwa na uamuzi ule moja kwa moja.

Kwenye meza hiyo ndiko tulikompata Mwalimu Majok. Alikuwa Msudani wa kambini, mrefu kiasi kwamba akiingia kwetu huingia kwa awamu. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sheria Khartoum vita vilipomtoa, akatembea mpaka akafika alikofika, na sasa alifundisha Kiingereza shule ya msingi ya kambi, watoto wamejaa hadi madirishani. Siku moja alikuwa anangoja samaki wake wafungwe gazetini akamsikia Akiru anamweleza mama juu ya ahadi. Akasahau samaki.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Chuo," Akiru akasema. "Na mbuzi."

Alikuja kesho yake na swali amelitunga mwenyewe, nusu ukurasa tu: watu wawili, ng'ombe mmoja, ahadi, ugomvi. Akiru akaandika tangu taarifa ya habari hadi matangazo ya vifo, pande zote za karatasi, kesi zote tulizokuwa nazo, bila kukosea hata moja. Mimi nilijivuna. Mwalimu Majok akasoma yote akiwa amekunja miguu yake mirefu, akairudisha.

"Malesh," akasema. Hiyo ni pole yao. "Umenipa boma lote. Mimi nimeuliza mbuzi mmoja."

Akiru akainamisha kichwa. "Hivyo ndivyo nilivyoandika mtihani."

"Najua. Hivyo ndivyo ulivyoanguka."

Nilikasirika kwa niaba yake, lakini yeye alishusha pumzi kama mtu aliyeambiwa hatimaye jina la ugonjwa wake. Miezi yote hiyo alidhani hana akili. Kumbe alikuwa na akili nyingi anaimwaga yote kwa pamoja, kwa woga wa kuonekana hajui.

Mwalimu Majok akachukua mkaa akaandika kwenye mlango wetu wa mabati. Ugomvi ni upi? Sheria inasemaje juu ya ugomvi huo, huo tu? Kwa hawa watu wawili na ng'ombe wao, inakuwaje? Basi, nani? Tukaacha maandishi hayo mlangoni. Wageni walidhani ni ya wahesabu watu.

Lakini kulikuwa na ugonjwa wa pili, na huo Mwalimu aliuona baadaye. Akiru akisoma swali humhurumia mtu mmoja, halafu huandika jibu lote kumtetea. Mjane akiwemo, mjane ameshinda. "Unahurumia haraka," Mwalimu alikuwa anamwambia. "Mtahini anataka uhurumie wote wawili, halafu uamue." Akiru alikubali kwa mdomo. Kwa kalamu, wajane waliendelea kushinda.

Hapo ndipo alipokuja Mjomba Lokwang.

Lazima nieleze desturi, maana mtu wa mbali ataona sisi ni wajinga. Kwetu ndugu huja kuomba mnyama. Si aibu, si wizi, ndiyo undugu wenyewe: leo yeye, kesho wewe. Na mjomba, kaka wa mama, humkatalii usoni. Mjomba wetu hukaa upande wa Namoruputh, karibu na Uganda, na alikuwa amepita kwetu wiki chache kabla. Wakati wa kuondoka alikuwa amemnyoshea fimbo mbuzi wa kahawia.

"Huyu nikirudi nitaenda naye. Kama hakuna neno, ni wangu."

Hapakuwa na neno. Mama alitazama mchanga, sisi tukamtazama mama.

Sasa amerudi. "Ejok," akasema, tukaitikia, akakaa, akanywa chai yote, akasimama akaenda moja kwa moja kwa wa kahawia na kufungua kamba. Mama akanyamaza. Nilimjua yule mbuzi: alikuwa ndiye wa kuuzwa kwa nauli ya Akiru kurudi chuo. Hakukuwa na mwingine mnono. Bila yeye, mtihani ungefanywa Nairobi na Akiru angekuwa Kakuma.

Nikamfinya dada. "Akiru! Ni ile kesi! Ni yeye mwenyewe!"

Akiru akasimama. "Mjomba, samahani. Kunyamaza si kukubali."

Mjomba akageuka polepole. "Nani anasema?"

"Majaji. Kulikuwa na mjomba mwingine, alisema maneno kama yako, juu ya farasi. Wakasema huwezi kumfunga mtu kwa kimya chake."

"Majaji wa wapi?"

"Uingereza."

"Huyo mjomba wa Uingereza," Lokwang akauliza kwa utulivu, "alikuja kwao kwa miguu?"

Nikacheka, nikajuta. Mwalimu Majok alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta na samaki wake mapajani. Nikadhani atamsaidia mwanafunzi wake.

"Akiru," akasema, "vizuri. Sasa simama upande wa mjomba."

"Mwalimu! Mbuzi ni wetu!"

"Ndiyo maana."

Akiru akamtazama mama. Mama akampa uso usio na kitu. Sote tulisubiri, mpaka mbuzi mwenyewe. Nilitaka kupiga kelele kwamba hapa si darasa, hii ni nauli. Lakini Akiru alikuwa ameshaanza kufikiri, na nilimwona anafikiri.

"Ile kanuni," akasema, "ni ya kumlinda mtu asifungwe na mgeni. Lakini hawa si wageni. Baba alipokuwa mgonjwa, kabla hajafariki, mjomba alituletea mbuzi. Mama hakusema neno, alichukua. Ukame ulipokuja mjomba alichukua wetu, hakuna aliyesema neno. Mwaka juzi tena. Kati ya hawa wawili kimya ndiyo lugha waliyozoea kukubaliana. Halafu..." Akasita.

"Halafu?" Mwalimu Majok akamsukuma.

"Halafu tangu alipomnyoshea fimbo, sisi wenyewe tumekuwa tukimwita mbuzi wa mjomba. Tulikuwa na wiki kadhaa za kutuma neno. Hatukutuma. Matendo yetu yamekubali." Akamtazama mbuzi. "Nadhani mjomba anashinda."

Mjomba Lokwang akamtazama mama.

"Huyu mtoto anajua kusema," akasema, akaondoka na nauli yetu inamfuata nyuma kwa hiari kabisa.

Mama alimwacha afike mbali kidogo, halafu akapaza sauti: "Lokwang! Kamba ni yangu!" Juu ya kamba hakunyamaza.

"Hilo ndilo jibu," Mwalimu Majok akamwambia Akiru, akainuka kwa awamu. "Andika hivyo hivyo."

Kesi ya kwanza dada yangu kushinda katika maisha yake ilikuwa dhidi ya tumbo letu. Sikuongea naye mpaka kesho yake. Nilimwambia wakili mwenye akili hushinda kesi za watu wengine. Akaniambia ameelewa kitu ambacho hakuwahi kukielewa darasani, kwamba hata ukimtaka mmoja ashinde, lazima umpe mwenzake maneno yake bora. Nikamwambia maneno bora hayapandi basi.

Kuhusu nauli, mama alinyamaza kama kawaida yake, akaenda Kalokol mara nyingi zaidi, akarudi na midomo iliyopasuka kwa upepo wa ziwa. Redio iliposoma tangazo kwamba chuo kimefunguliwa, Akiru alisafiri. Sikuuliza ilipatikanaje. Niliona tu kwamba mama alikuwa anatembea bila viatu vyake vya Jumapili, hata Jumapili.

Mimi nikarudi shule Lodwar. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimezoea kazi. Mwalimu wa kemia anafundisha, mimi namwona wa madoa anapita. Asubuhi shuleni ni kengele na uji. Kule Tarach asubuhi ilikuwa mchanga ambao bado una baridi ya usiku, mbuzi wanapiga chafya, na sauti ya dada yangu mbele yangu inabishana na Uingereza nzima. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa na raha. Nilidhani nateseka.

Alirudi wakati wa likizo iliyofuata. Mama alikuwa Lodwar kupokea samaki waliotoka Kalokol kwa pikapu, nami nilikuwa nambebea magunia. Basi la Kitale likaingia mchana ule mweupe ambao Lodwar inauweza peke yake. Akiru akashuka. Uso wake ulikuwa vumbi tupu, haukusema lolote.

Mama hakuuliza. Alimsalimu, akampa ncha ya gunia ashike wafunge. Akiru akashika. Kamba ikapita mara ya kwanza, ikapita mara ya pili. Mimi nikashindwa.

"Akiru, kwa jina la wote waliotafunwa, sema!"

"Madhara nimepita," akasema.

"Na mikataba?"

"Lilikuja swali la wafanyabiashara wawili. Mmoja alimwandikia mwenzake: usiponijibu, mzigo ni wangu. Walikuwa wamefanya biashara hivyo miaka mingi." Alikuwa anaangalia kamba. "Wenzangu wote waliorudia waliandika kwamba kimya si kukubali, wakaenda swali jingine. Mimi nilimwona mjomba anaondoka na yule wa kahawia. Nikaandika upande huu, nikaandika upande ule, nikaamua, nikaweka kalamu chini. Sikumwaga boma." Ndipo meno yake yakaonekana katikati ya vumbi. "Nimepita, mama. Yote mawili. Naendelea mwaka wa pili."

Nilipiga kelele mpaka dereva wa pikapu akadhani nimeangukiwa na gunia. Nikamwambia Akiru tuanze mwaka wa pili kesho, mbuzi wapo, sheria ya ardhi itamfaa yule dume. Akanishika bega kwa upole, na upole wa Akiru huwa na habari mbaya ndani yake. Akasema sasa wako wasichana wanne huko Nairobi, wanakutana kila jioni, wanafunga karatasi, wanaulizana, na kila mmoja analazimika kusimama upande asioutaka. Amewafundisha yeye. Mmoja wao, msichana wa Nyeri, anatumia vituo vya mabasi badala ya mbuzi.

"Kwa hiyo sina kazi," nikasema.

"Umestaafu, Erot," akasema. "Kwa heshima."

Nilifanya mzaha kuhusu kiinua mgongo, lakini sauti ilitoka vibaya. Akiru akaona, akajifanya anapangusa vumbi.

Mama alikuwa amemaliza kufunga. Akakalia gunia, akafunga macho kidogo, akayafungua. Nilidhani atamtazama jaji wake. Alinitazama mimi.

"Huyu amevuka," akasema. "Sasa wewe, lete kitabu yako hapa. Mimi sijui kusoma, lakini uso ya mtu hajui, hiyo naijua."